Supu ya Stoo ya Chini

Mimi si mtu wa kuona kinyaa ovyo. Kabla ya kuajiriwa makumbusho nilikaa miaka minne machinjioni, kazi yangu kugeuza matumbo ya ng'ombe ndani nje na kuyasuuza, na ikifika saa saba mchana nilikuwa nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nakula kama kawaida. Kabla ya hapo niliosha vyoo vya kituo cha mabasi, na hayo nikikusimulia utaacha kusoma. Kwa hiyo nikisema kuna harufu moja tu duniani inayonifanya nifunge mdomo na kupumua kwa kuhesabu, naomba uniamini. Harufu hiyo ni ya supu.

Supu si chakula. Ni jina tulilolipa shughuli ya kila mwisho wa mwaka kwenye stoo ya chini, chumba kirefu kisicho na dirisha chini ya jengo la makumbusho, chenye rafu kumi na nne za chuma na chupa elfu moja mia mbili na kitu za sponji wa baharini.

Sponji ni mnyama, ingawa ukimwona utabisha. Hana kichwa, hana tumbo, hana mfupa. Ana matundu tu, na kazi yake ni kukaa palepale alipojibandika akinyonya kinachopita mpaka siku ya kufa. Nina shemeji wa namna hiyo. Akitolewa majini anatumbukizwa kwenye spiriti ili asioze, na hapo ndipo anapoanza kutoa ute. Kuna wenye ute wa kahawia, kuna wa njano, na kuna mmoja wa zambarau aliyewahi kunidondokea kwenye kiatu. Nilikitupa kile kiatu, na sina viatu vingi. Miaka ikipita spiriti inakuwa na rangi ya chai iliyosahaulika dirishani, inapungua kidogo kidogo, na sponji anabaki mgongo nje, amevimba, anakuangalia bila macho.

Sasa, ofisi haikuwa ikinunua spiriti ya kutosha. Mjomba wangu, aliyekuwa mtunza stoo kwa miaka ishirini na tisa, akabuni njia. Unafungua chupa zote, moja baada ya nyingine. Unamwaga spiriti yote kwenye pipa moja la bluu, ukiichuja kwa fulana kuukuu. Unaacha siku tatu ute utulie chini. Unateka ile ya juu, unapima ukali wake kwa kile kipimo cha kioo kinachoelea, unaongeza spiriti mpya kidogo, kisha unairudisha kwenye chupa zote. Ni kama ukoo mzima kuoga kwenye beseni moja, halafu mkayachuja maji, mkayahifadhi, mkayaogea tena mwaka ujao.

Mjomba alipewa cheti cha ubunifu kazini, kikiwa na sahihi ya Mkuu wa makumbusho. Alipostaafu akanikabidhi funguo, fulana na maelekezo. Mimi nimepika supu ile mara nane. Sisemi haya kwa kumsema mjomba. Mkono wangu umo mpaka kwenye kiwiko, na ule ute una miiba midogo kama unga wa kioo, unajikuna wiki nzima.

Stoo ile nilikuwa nikifanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, miaka kumi na moja, mitatu ya kwanza chini ya mjomba. Kila mkataba ukiisha nilikuwa naamka asubuhi sijui kama nina kazi au sina. Ndipo mwaka huo Mkuu akaniita akaniambia barua yangu ya kuthibitishwa kazini imekubaliwa huko juu, imebaki sahihi yake tu. Nilirudi stoo nikawaambia sponji. Hawakunipongeza.

Mwezi uleule akaja Daktari. Si wa hospitali. Huyu alisomea wanyama wa baharini. Msichana mwembamba mwenye miwani inayomteleza puani, mwepesi wa kucheka hata kabla utani haujaisha, na mimi watu wa hivyo nawapenda kwa sababu nina utani mwingi usioisha vizuri.

"Dada, naomba chupa hizi nane," akasema, akanipa orodha. "Nitakata kipande cha punje ya mchele kwa kila mmoja."

"Kata hata kilo, Daktari. Hawa hawalalamiki."

"Nataka vinasaba vyao."

"Wamegombania urithi?"

Akacheka, kisha akanieleza vizuri, bila kunifanya mjinga. Wataalamu wa zamani waliwapa sponji majina kwa kuangalia umbo na ile miiba midogo ya mwilini. Tatizo ni kwamba sponji hana msimamo: kwenye maji yaliyotulia anakuwa kama kikombe, kwenye mawimbi anakuwa kama chapati. Kwa hiyo huenda mnyama mmoja kapewa majina manane, au wanane wamepewa jina moja. Mtu hawezi kwenda kuwatafuta wote upya baharini, wengine waliokotwa miaka sitini iliyopita na pale walipookotwa pameshajengwa. Lakini wapo kwenye chupa. Na ndani ya kipande cha punje ya mchele kuna maandishi ya ukoo wao.

Nikamtambulisha kwa majina yangu mwenyewe, maana yale ya kwenye lebo yanavunja ulimi. "Huyu Kidole cha Marehemu. Huyu Mkate wa Juzi. Huyu Soksi. Na huyu wa njano, mnene, anayetoa ute kuliko wenzake wote wakijumlishwa, ni Mama Mkwe."

"Kwa nini Mama Mkwe?"

"Kaja juzi tu, miaka sita, na stoo nzima inanuka yeye."

Hilo lilikuwa kweli. Wale wengine saba walikuwa wazee, na zamani sponji walikuwa wanalowekwa kwanza kwenye fomalini, dawa inayokaza nyama lakini inakatakata vinasaba vipande vipande. Mama Mkwe alitoka majini akaingia moja kwa moja kwenye spiriti. Daktari aliandika hayo kwenye daftari lake. Hakuniuliza spiriti yenyewe ilitoka wapi. Na kwa nini angeuliza? Huwezi kwenda kwa mtu ukanywa maji ukamuuliza kama ameyatoa chooni.

Baada ya wiki tano akashuka tena, safari hii polepole, na nyuma yake Mkuu, ambaye huwa hashuki kabisa kwa sababu ya suti zake.

"Dada," Daktari akasema, "wote wanane ni mmoja."

"Mmoja nani?"

"Mama Mkwe."

Mkuu alikuwa anasugua viganja kama mtu anayeota moto. Majina manane yanafutwa, linabaki moja, wataalamu wa miaka sitini wamekosea, na makumbusho yetu madogo ndiyo yamewasahihisha. Makala itachapishwa kwenye jarida kubwa. Yote hayo aliyasema baada ya kuziba pua kwa leso, kwa hiyo furaha yake ilitoka kama mtu mwenye mafua.

"Ila kuna kitu sikielewi," Daktari akasema. "Nimeangalia miiba yao kwa darubini. Soksi ana miiba kama nyota. Mkate ana kama vijiti. Kidole hana mwiba hata mmoja. Watu wa ukoo mmoja wanatofautianaje hivyo?"

"Maumbile yana siri zake," Mkuu akajibu. "Wewe andika."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pipa la bluu. Lilikuwa limefunikwa vizuri, lakini mate yalinijaa mdomoni kana kwamba nimeingiza uso ndani. Nilikuwa nimeelewa. Wazee saba vinasaba vyao vilishachakaa kwa fomalini. Mama Mkwe vyake vizima, vimetoka na ule ute wake, vikaingia kwenye supu, na mimi kwa mikono yangu nikaenda kummimina kwenye kila chupa ya stoo ile, mwaka baada ya mwaka. Mashine haikudanganya. Ilisoma ilichokikuta.

Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Niliwaza barua, nikasema, "Hongereni."

Jumamosi ya wiki iliyofuata nikaenda kwa mjomba. Nilimkuta barazani ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, anaisugua kwa jiwe. Mjomba ni msafi kupita kiasi. Kikombe chako hakinywei mpaka akisuuze mara mbili, na ukimpa mkono ananawa.

"Mjomba," nikamwambia, "supu imetuharibia."

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kusugua kisigino.

"Spiriti inaua kila kitu, mpwa wangu," akasema. "Inaua vijidudu, inaua uvundo. Hakuna kinachobaki mle."

"Kinabaki. Maandishi yanabaki."

"Niliichuja."

"Kwa fulana yako, mjomba."

"Fulana ilikuwa imefuliwa." Alinitazama kama nimemtukania mama yake, ambaye ni bibi yangu. "Stoo ile ilikuwa inakauka. Ningeacha wanyama wa watu wakauke kama dagaa? Nilimwendea Mkuu mara tatu kuomba spiriti, akaniambia nitumie akili. Nikatumia akili. Yeye mwenyewe alikuja akaangalia pipa, akasema vizuri sana."

"Alikuja akaliona?"

"Aliinama akanusa. Akarudi nyuma hatua tatu." Mjomba akatabasamu kwa kumbukumbu hiyo. Kisha tabasamu likamwisha. Akayaangalia maji ya beseni, yaliyokuwa na magamba ya miguu yake yakielea, akatoa mguu mmoja, kisha wa pili. "Kwa hiyo miaka yote ile," akasema, "nilikuwa nawachafua."

Nilimchukulia yale maji nikayamwage, na njiani yakanidondokea kidoleni, nikasikia baridi mpaka kwenye meno.

Jumatatu Mkuu akaniita ofisini. Alikuwa anakula yai la kuchemsha. Mimi sina ugomvi na yai, lakini yule bwana alikuwa analimenya kwa ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, na maganda anayapanga juu ya faili. Mbele yake karatasi mbili. Moja niliifahamu hata ikiwa kichwa chini: barua yangu, jina langu kamili, mahali pa sahihi pakiwa wazi. Ya pili ilikuwa mistari minne tu.

"Jambo dogo," akasema. "Wale wa jarida wana wasomaji wao wawili wanaokagua. Wanauliza maswali, ndiyo kazi yao. Watataka mtunza stoo athibitishe namna ya uhifadhi."

Nikasoma. Ilisema kwamba kila kielelezo kilihifadhiwa kwenye chupa yake peke yake, na kwamba spiriti ya chupa moja haikuwahi kuchanganywa na ya nyingine.

"Na supu je, Mkuu?"

"Supu gani?"

"Ya pipa la bluu. Ulimpa mjomba cheti kwa ajili yake."

Akauma yai. Kiini kilimganda kwenye kona ya mdomo, kikakaa pale, kikawa kinapanda na kushuka akiongea, na macho yangu yakakataa kwenda kwingine. "Vyeti nimetoa vingi," akasema. "Siwezi kukumbuka kila kimoja. Wewe ni mtu wa stoo, mama. Mambo ya vinasaba waachie wenye shule. Saini hapa, na mimi nisaini hapa. Tunaweka kalamu chini pamoja."

"Na wakija kugundua baadaye?"

"Nani agundue?"

"Watu. Mtu mwingine apime."

Akajifuta mdomo, ila upande usio na kiini. "Jina la kwanza kwenye makala ni la Daktari. Yeye ndiye aliyekata, yeye ndiye aliyepima. Langu liko mwisho kabisa, kama msimamizi." Akatabasamu. "Msimamizi hukaa mbali na chupa."

Nimeona mengi machinjioni. Nimeona utumbo ukipasuka mikononi mwangu. Lakini utumbo hautabasamu ukikufanyia hivyo. Nilichukua ile karatasi ya mistari minne nikasema kalamu yangu nimeiacha chini, karatasi nitairudisha. Akanyoosha yake. Nikaangalia vile vidole, nikasema, "Ahsante, Mkuu, nimezoea ya kwangu."

Nilimkuta Daktari maabara, nikamwambia avae kinyago na anifuate. Alidhani ni utani. Tulipofika stoo nikafungua kifuniko cha pipa la bluu, nikasogea pembeni.

Supu ya mwaka jana ilikuwa imebaki robo pipa, rangi ya kutu. Juu kuna utando uliojikunja kama ngozi ya maziwa, na chini ute umelala mzito, na katikati vipande vya hawa na wale vinaelea, huwezi kujua cha nani. Ile harufu ikatoka kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni.

"Nini hiki?" akauliza.

Nikamweleza. Pipa, fulana, siku tatu, kurudisha. Nilieleza taratibu kama mapishi, kwa sababu ningeeleza kwa namna nyingine sauti ingenikataa. Nilipofika kwenye "mara nane" akavua kinyago, akatembea haraka mpaka kwenye ndoo yangu ya deki, akatapika. Nikamshikia miwani.

"Ulijua lini?" akauliza akiwa bado ameinama.

"Siku ile uliposema ni mmoja."

"Hiyo ni siku kumi na mbili, dada."

"Ndiyo."

"Kumi na mbili. Nimeandika makala nzima. Umeniletea chai ukaniuliza nimefika ukurasa wa ngapi."

Hapo nilitamani yeye anitapikie mimi. Nimewahi kuitwa mwizi, nimewahi kufukuzwa nyumba vitu vyangu vikiwa barabarani, lakini sijawahi kujiona mchafu kama dakika ile, nimesimama na miwani ya mtu mkononi. Nikamwonyesha ile karatasi, nikamwambia na habari ya jina la kwanza na jina la mwisho. Aliisoma akiwa ameishika mbali na macho, maana hakuwa na miwani, au labda alitaka iwe mbali.

"Mkuu atasema ni maneno yako," akasema.

"Pima supu."

"Nini?"

"Usipime sponji. Teka tone kwenye pipa, lisilo na kipande hata kimoja. Kama mashine yako itamwona mtu humo, basi hatukuwahi kupima sponji. Tulikuwa tunapima pipa."

Alichukua miwani yake mkononi mwangu. Kisha akavaa glavu, na kwa mara ya kwanza siku ile akawa Daktari tena. Alichukua vichupa vitatu, akateka kwa bomba, uso ameugeuza pembeni kama mtu anayemvua mtoto nepi.

Matokeo yalichukua siku tisa. Siku zote tisa Mkuu alikuwa ananiulizia karatasi, na mimi nilikuwa nampa sababu: leo wino, kesho miwani, keshokutwa nimeikalia imekunjamana. Siku ya kumi Daktari akashuka na karatasi ya mashine. Kwenye tone lisilo na sponji, Mama Mkwe alikuwa amejaa kuanzia mstari wa juu mpaka wa chini.

"Makala naiondoa," akasema.

"Na wale wanane?"

"Watabaki na majina yao ya zamani. Kidole na wenzake vinasaba vyao huenda vimeshapotea kabisa. Nitarudi kwenye miiba na darubini, kama wale wazee." Hakucheka. Bado ananiita dada mpaka leo, ila sasa analitamka kwa uangalifu, kama mtu anayeruka dimbwi.

Mimi nikachukua karatasi ya mistari minne, nikaikata mistari yote kwa kalamu, na chini yake nikaandika kwa mkono: Spiriti ya chupa zote ilichanganywa kwenye pipa moja kila mwaka. Mimi nimechanganya mara nane. Kabla yangu ilichanganywa kwa idhini ya ofisi. Nikaweka sahihi. Nakala nikampa Daktari awatumie wale wa jarida, na yenyewe nikampelekea Mkuu mkononi.

Aliisoma mara mbili. Nilitegemea ngurumo. Haikuja. Aliniambia niondoke, na kwa wiki moja hakunisalimu. Kisha akaniita, na nilipoingia alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Nimefikiria," akasema. "Jambo hili ni kubwa kuliko sponji." Akaigeuza kompyuta nione. Alikuwa ameanza kuandika makala mpya, ya kuyatahadharisha makumbusho yote juu ya hatari ya kuchanganya spiriti za vielelezo. Juu kulikuwa na jina moja tu, lake. "Ni bahati nimeligundua mapema, kabla halijaleta madhara."

"Umeligundua wewe."

"Chini ya uangalizi wangu limegundulika. Nitahitaji picha za lile pipa, kifuniko kikiwa wazi. Piga kwa karibu, utando uonekane."

Nilimwangalia kuona kama anatania. Mimi ni mtaalamu wa utani, naujua ukiwa umejificha hata nyuma ya ukope. Haukuwepo.

"Na barua yangu?"

"Ah." Akaivuta, akaiangalia kwa huruma kama mtu anayeaga maiti isiyomhusu. "Sasa unaona mwenyewe ugumu wake. Mtu aliyechanganya vielelezo miaka minane, kwa maandishi yake mwenyewe. Nitawaambiaje huko juu?" Akaitia kwenye droo, akasukuma kwa goti. Kutoka upande mwingine akatoa mkataba wa miezi mitatu, akaukunja mara tatu, akauingiza kwenye bahasha. "Lakini sikuachi. Nani mwingine atakubali kushuka kule?"

Akainua bahasha mdomoni akailamba, polepole, kutoka kona ya kushoto mpaka ya kulia, ulimi mpana, mweupe juu kama ukuta wenye fangasi. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Akanipa.

Niliipokea kwa ncha za vidole viwili. Kwenye korido nikaifungua, gundi bado ina unyevu, uzi wa mate ukavutika, ukakatika. Nikaubana mkataba ukutani nikausaini, kwa sababu nina watoto na kwa sababu huko chini kulikuwa na chupa elfu moja mia mbili zinazotakiwa kumwagwa zote na kujazwa upya, kila moja spiriti yake, na Daktari alikuwa ameshaanza peke yake.

Kisha nikaenda kunawa. Nilisugua mpaka kwenye viwiko, nikasuuza, nikanusa vidole, nikaanza upya.